Fremu saba zimejengwa: niongeze sanduku sasa au nisubiri zijae?

MgeniMizingani

Wakuu, habari zenu. Nina mzinga mmoja wa fremu 10, sanduku moja tu, la majana, yaani watoto wa nyuki. Sanduku la asali ninalo stoo, ni fupi kuliko la chini, na fremu zake zina karatasi za nta za kuanzia masega, ambazo nyuki hawajawahi kuzigusa.

Jana nimefungua kukagua. Fremu saba za katikati zimejengwa na zimejaa nyuki pande zote mbili. Mbili wameanza kuzijenga, na moja ya ukutani haijaguswa. Juu ya fremu, chini ya mfuniko, kuna vinundu vya nta nyeupe kabisa ambavyo ukaguzi uliopita havikuwepo. Kwenye kingo za chini za masega mawili nimeona vikombe vinavyotazama chini, na nimesoma kwamba hivyo ni vya malkia. Jioni nyuki wanatoka na kujibandika ukutani juu ya mlango, wengi sana, hadi giza linaingia.

Sasa ushauri ninaopewa unapingana. Rafiki yangu mwenye mizinga mingi anasema nisubiri fremu zote 10 zijae, maana nyuki wakipewa nafasi mapema wanakuwa wavivu. Kwenye mafunzo tuliambiwa saba kwa kumi, basi, ongeza. Mwingine kaniambia weka masanduku mawili kwa mpigo msimu unapoanza, usisumbuke tena. Nimfuate nani? Na likiongezwa linakaa juu au chini? Wavu wa malkia, ule wa kumzuia asipande kutaga kwenye asali, naweka siku hiyohiyo?

Fundi_Fremu

Saba kwa kumi mkuu. Umeshafika. Ongeza ulale usingizi.

MamaMasega

Mwanangu, Fundi amekujibu sawa, ila amekujibu nusu. Saba kwa kumi inafaa kumkumbusha mtu kufungua mzinga. Haikwambii kundi linaelekea wapi. Kuna kundi la fremu saba linalobaki hivyohivyo msimu mzima kwa kuwa maua yamekwisha, na kuna la fremu sita ambalo ukichelewa kidogo nusu yake unaikuta juu ya mti. Ndiyo maana siangalii asali kwanza. Asali iliyofunikwa inakueleza yaliyopita. Yanayokuja yako kwenye majana na kwenye nekta mbichi.

Anza na majana. Chomoa fremu ya katikati uangalie sehemu iliyofunikwa, ile kavu yenye rangi ya kahawia hafifu. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka, na kama siku 12 za mwisho yuko chini ya kifuniko. Kwa hiyo karibu kila kilichofunikwa leo, ndani ya siku 12 kitakuwa nyuki anayetembea. Fremu ya sanduku refu ina vijumba karibu 7,000 ukijumlisha pande zote mbili. Theluthi mbili zikiwa zimefunikwa, hao ni zaidi ya nyuki 4,000 wanaosubiri kutoka, na wakitoka wanatosha kufunika fremu mbili hivi. Ni kweli wazee nao wanakufa, maana kibarua wa msimu wa kazi haishi zaidi ya wiki tano au sita. Lakini malkia mwenye nguvu, chakula kikiwepo, hutaga mayai 1,500 kwa siku na hata kupita hapo. Wanaozaliwa wanawazidi wanaokufa. Sasa hesabu fremu zako zenye majana mengi yaliyofunikwa. Zikiwa tano, kuna nyuki wa kufunika fremu nyingine kama kumi wako njiani, kabla hujatoa wanaokufa, na wewe umebakiwa na nafasi ya fremu tatu tu.

Halafu nekta. Hapa ndipo rafiki yako anapokosea hesabu. Tuseme nekta inayoingia ina maji asilimia 70. Ili ipatikane kilo moja ya asali yenye maji asilimia 18, nyuki lazima walete kama kilo 2.7 za nekta hiyo na kuyaondoa maji yaliyozidi kwa kupepea. Wanapoikausha hawakijazi kijumba mpaka juu. Wanaitandaza kidogo kidogo kwenye vijumba vingi ili hewa iipitie. Kwa hiyo nafasi wanayohitaji ni kubwa kuliko asali utakayovuna, na wanaihitaji kabla asali haijawa asali. Mtu anayesubiri fremu zijae ndipo aongeze anahesabu ghala na kusahau uwanja wa kuanikia.

Kupima ni rahisi. Chukua fremu ya pembeni isiyo na majana, ilaze juu ya mzinga, itikise kidogo mara moja. Matone yakidondoka, nekta inaingia. Yasipodondoka, na nta mpya huioni popote, hakuna haraka hata kama fremu nane zimejengwa. Wewe nta nyeupe umeshaiona, na mimi naiamini kuliko kuhesabu fremu. Nta inawagharimu nyuki chakula kingi, hawaibandiki juu ya fremu bila sababu.

Sasa nenda katikati ya majana, pale ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Majana yakishatoka, vijumba vyao husafishwa vikimsubiri malkia, au unakuta vina mayai tayari. Geuza fremu jua likupige mgongoni, mwanga uingie mpaka chini ya vijumba, maana mayai ni madogo na macho ya mtu mzima yanadanganya. Ukikuta vijumba hivyo, vya katikati kabisa, vimewekewa nekta inayong'aa, ujue vibarua wamekosa pa kuweka na wanamnyang'anya malkia nafasi ya kutaga. Kundi hilo liko njiani kumeguka, nusu wahame na malkia, hata kama fremu ya ukutani bado ni tupu. Fremu ya ukutani isikudanganye, nyuki wengi huiacha iwe ya mwisho, na wengine hawaigusi kabisa.

Vikombe visikutie hofu kabla hujachungulia ndani. Vikombe vitupu hujengwa vikaachwa tu. Lakini ukiona yai, au buu limelala kwenye maziwa meupe, una siku chache. Kijumba cha malkia hufunikwa siku ya nane au ya tisa tangu yai litagwe, na kwa kawaida malkia wa zamani huondoka na kundi karibu na wakati huo. Kikishafunikwa, kuongeza sanduku hakuwazuii. Hapo ama uligawe kundi wewe, ama waligawe wao.

Kurundikana nje jioni nako kunachanganya watu. Jioni ya joto nyuki hutoka ili ndani kupoe na hewa ya kukausha nekta ipite. Katazame alfajiri, kukiwa kumepoa. Wakiwa wameingia wote, lilikuwa joto tu. Wakiwa bado wamejibandika palepale, ndani hapawatoshi.

Na huo uvivu, msalimie sana rafiki yako. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Rinderer na Baxter, walichapisha matokeo ya kuwapa nyuki masega matupu kwa viwango tofauti. Waliopewa mengi ndio waliokusanya zaidi. Ila yalikuwa masega yaliyojengwa tayari, karatasi za nta ni habari nyingine.

Yule wa masanduku mawili kwa mpigo naye simpi alama zote. Majana yanataka joto la nyuzi 34 au 35, usiku na mchana. Ukiweka ukumbi mtupu juu ya kundi dogo, joto linapanda huko na majana ya pembeni yanapoa. Na sega lisilo na nyuki wa kulilinda ni la nondo wa nta, au mende wadogo wa mizinga kama wapo unakofugia. Mpe kila kundi nafasi ambayo nyuki wake wataweza kuitembelea yote.

Kaangalie hayo, urudi utuambie. Usiongeze kwa sababu mimi nimesema.

UsikuWaBaridi

Mama nakubali karibu yote, ila niongeze kidogo. Ninapofugia maua yanaweza kuwepo na usiku bado ukawa mkali. Saba kwa kumi huku ni mapema mno. Nasubiri nyuki wafunike fremu nane au tisa, na hata hapo natandika karatasi moja ya gazeti juu ya fremu za majana kabla ya kuweka sanduku. Joto linabaki chini. Siku wakihitaji nafasi wanaitafuna wenyewe na kupanda, na mimi nikiona vipande vya gazeti mlangoni najua wamefungua mlango wa juu. Sijawahi kuona ubaya wake.

MamaMasega

Gazeti ni dawa nzuri ya baridi, sina neno. Ila nane au tisa hiyo usiifanye sheria. Hata kwenye baridi, nekta ikiwa inamwagika na katikati ya majana kunajazwa, gazeti au bila gazeti, sanduku lipande.

ViunziVirefu

Sisi wa mizinga ya viunzi, vijiti vya juu tu ambapo nyuki hutundika masega bila fremu, hamtukumbuki kamwe. Mzinga wangu haupandi juu, una urefu tu na ubao wa kugawia. Saba kwa kumi yangu iko wapi?

MamaMasega

Ishara ni zilezile mwanangu, kinachobadilika ni pa kuweka nafasi. Usisogeze ubao tu na kuacha viunzi vitupu nyuma ya masega ya asali ukadhani umemaliza. Nyuki wengi hulichukulia sega la asali kama ukuta, na malkia halipiti kwa urahisi. Kiunzi kitupu kiweke pale majana yanapoishia na asali inapoanza. Hakikisha masega ya pande zote mbili yamenyooka, la sivyo jipya litapinda na utalia siku ya kuvuna. Na usikitie katikati ya masega mawili ya asali ambayo hayajafunikwa, maana nyuki huyanenepesha hayo mpaka yanakula nafasi ya kiunzi kipya. Kimoja au viwili kwa wakati. Usiku ukiwa wa baridi, usiyatenganishe majana kwa majana.

ViunziVirefu

Hapo pa kunenepesha ndipo paliponikwamisha siku zote, nilikuwa nadhani nyuki wangu wana kichaa. Asante mama.

MgeniMizingani

Shikamoo mama, na asanteni wakuu wote. Nimefungua tena asubuhi hii. Vikombe nimevichungulia vyote, ni vitupu na vikavu. Fremu zenye majana mengi yaliyofunikwa ni tano, mbili kati yake zimefunikwa karibu ukingo hadi ukingo. Fremu ya pembeni niliitikisa, matone yakanirukia mkononi. Na kwenye fremu mbili za katikati, pale majana yalipotoka, nimeona maji yanayong'aa kwenye vijumba vingi, ingawa mayai nayo yapo. Alfajiri walikuwa wamebaki nje wachache tu. Malkia sikumwona.

MamaMasega

Marahaba. Mayai yapo, malkia usimtafute, muache afanye kazi. Mengine umejijibu mwenyewe: ongeza leo. Vikombe vitupu vinakwambia hujachelewa, nekta katikati ya majana inakwambia usingoje ukaguzi mwingine.

Juu au chini? Una sanduku moja la asali, kwa hiyo linakaa juu ya majana, halina pengine. Mjadala wa juu na chini unakuja ukiwa na la pili: wengine hulisukuma jipya katikati, kati ya majana na lile la kwanza, wengine hulipachika juu kabisa. Berry na Delaplane wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walilipima jambo hilo na kuchapisha mwaka 2000, hawakukuta tofauti ya mavuno. Mimi napachika juu kwa sababu ya mgongo wangu, na kwa sababu naweza kuchungulia jipya bila kushusha lililojaa. Sanduku la kimo cha kati likijaa asali lina kilo 25 hivi, na refu likijaa linakaribia 40. Anayependa kulipachika la pili chini naye ana sababu zake, sigombani naye.

Wavu wa malkia usiuweke leo. Kama ungekuwa na masega yaliyojengwa ningesema weka, watapita. Karatasi za nta ni kitu kingine. Hazina kinachowavuta, na wavu juu yake unageuka dari. Wanabanana chini na kumeguka wakati juu pako wazi, halafu mwenye mzinga anashangaa, "si niliwapa nafasi!" Panga fremu zote 10 za juu zikigusana mabega, usiache hata moja nje, maana penye mwanya mpana wanajenga sega la kwao la kupinda. Wakishaanza kuzivuta karatasi kwenye fremu tatu au nne, weka wavu, lakini kwanza hakikisha malkia yuko chini. Akiwa amepanda na kutaga kidogo juu, mshushe tu. Majana hayo yatatoka yenyewe na vijumba vitajazwa asali. Madume huchukua siku 24 na hawapiti kwenye wavu, kwa hiyo wakizaliwa juu wainulie mfuniko waondoke, wasije wakafia kwenye matundu.

Na sanduku la chini lirekebishe kidogo. Ile fremu ya ukutani isiyoguswa isogeze hatua moja ndani, ibadilishane na jirani yake ambayo imeanza kujengwa. Isiingie katikati ya majana. Hapo pembeni wataijenga haraka, na malkia atapata pa kutanukia huku vibarua wakihamishia nekta juu.

Fundi_Fremu

Kwa hiyo saba kwa kumi, ongeza 😄

MamaMasega

Kwa hiyo saba kwa kumi, tikisa fremu, ndipo uongeze. Fundi, wewe nakufahamu, mizinga yako unaifungua ukiwa na haraka ya kwenda kwingine.

MgeniMizingani

Nimeweka, bila wavu, fremu zimebanana. Nilipofunika walikuwa wameanza kupanda kwenye pembe moja. Swali la mwisho mama: la pili niliandae lini? Maana fremu nazitengeneza mwenyewe na seremala ni mimi, siwezi kukurupuka.

MamaMasega

Liandae sasa, likae stoo. Karatasi za nta zitie kwenye fremu karibu na siku ya kuziweka, zikikaa kwenye joto zinajikunja. La pili linapanda la kwanza likiwa limejengwa fremu sita au saba na bado matone yanadondoka ukitikisa. Usisubiri wafunike asali, kufunika kunakuja mwishoni.

Ila siku utakapotikisa pasidondoke kitu, na nta juu ya fremu imeacha kuwa nyeupe, hapo usiongeze tena, hata masega yote yawe yamejaa. Vuna yaliyofunikwa, waachie chakula chao, na kama sanduku limebaki tupu lishushe urudishe stoo.

MgeniMizingani

Nimekuelewa. Naenda kukata mbao.